Mawimbi Yalivuka, Mlima Ukazuiwa

Nimerudi. Mimi ni mzima, miguu imevimba kidogo, na hasira sijaimaliza. Mmekuja mmoja mmoja kuniuliza, wengine mkiwa na kitambaa cha kushonwa kwapani ili isionekane ni umbea, na kila mara nikifika katikati mteja anaingia nakatiza. Basi naandika mara moja, msome na mpeane. Ila naomba jambo moja. Asinijie tena mtu na yale maneno ya "Athieno, ulihatarisha maisha yako kwa mbao tu?" Wa kwanza aliyeniambia hivyo nilimwacha na chai yake mezani, nikaenda kukaa uani mpaka akaondoka.

Mbao tu! Basi nianze na hizo mbao.

Mdogo wangu Okoth mnamwona hapa kwangu, yule mkimya mwenye mkono wa kulia uliofungwa. Mnajua alivuka mpaka na nguo alizovaa. Msichojua ni kazi yake. Okoth ni mchapaji wa picha. Kabla mambo ya Uganda hayajaharibika alifanya kazi kwenye kiwanda cha mashati kilichokuwa na mafundi Wajapani, na mmoja wao, mzee mpole, alimfundisha ufundi wa kwao wa zamani. Unachonga picha kwenye ubao, unaupaka rangi, unalaza juu yake karatasi yenye unyevu, unaisugua kwa nyuma. Ukiifunua, picha imehamia kwenye karatasi. Yule mzee alikuwa na picha za mawimbi ya bahari zilizochapwa hivyo, na Okoth akazipenda kufa. Bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Aliitazama kwenye karatasi za mzee, akaongezea maji ya ziwa aliyoyaona kule ufukweni Majanji, akachonga wimbi lake mwenyewe. Ukilitazama unajikuta unarudisha kiti nyuma.

Picha hiyo ina mbao tano za mti wa musizi, maana kila rangi ina ubao wake. Mmoja ni wa buluu iliyokoza, mmoja wa buluu nyepesi, mmoja wa anga, mmoja wa mitumbwi. Wa tano ni wa mlima, kwa sababu Wajapani wale hupenda kuweka mlima wao nyuma ya wimbi, na Okoth akaweka wa kwetu, Mwamba wa Tororo. Povu jeupe la wimbi halina ubao. Pale fundi haweki kitu, anaiacha karatasi kama ilivyo.

Sasa mkono. Ofisa mmoja wa jeshi alimwamuru Okoth achore sura ya Mkubwa wa nchi kwa ajili ya ukuta wa ofisi. Akachora. Ofisa akaona pua imezidi. Wakamlaza vidole kwenye kizingiti cha mlango, wakavipiga kwa kitako cha bunduki. Kwa sababu ya pua! Daktari wa hapa amesema vidole vitakunja kidogo lakini patasi hatashika tena. Okoth alikaa kwangu wiki nyingi akitazama ukuta, chakula anakigusa tu, halafu asubuhi moja akasema, "Dada, zile mbao zimebaki Tororo. Siwezi kuchonga nyingine."

Hakuniomba niende. Nilijiendea.

Kisumu hadi Busia

Safari ya basi haina la kusimulia ila mwanamume aliyekaa kando yangu na kuku watatu, akawa ananiomba nimshikie mmoja kila tukipanda mlima, kana kwamba kuku anazidi uzito mlimani. Nilimshika. Alinichafulia sketi.

Busia nilikula kwenye kibanda cha mama mmoja Msamia: samaki mkavu wa kuchemsha na ugali wa muhogo na ulezi, mweusi, mzito, wa kushibisha kweli. Mama aliona mfuko wangu wa sukari, chumvi na sabuni akajua naelekea wapi.

"Watu wanatoka huko wakikimbia na watoto mgongoni," akaniambia, "wewe unaingia. Una akili?"

Nikamwambia nafuata mali ya ndugu yangu.

"Ng'ombe?"

"Mbao."

Akanitazama, kisha akaniongezea ugali bila kunitoza, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Nami badala ya kushukuru nikanuna.

Upande wa pili askari mmoja alimwaga vitu vyangu vyote chini. Akaokota sabuni.

"Hii sabuni ya nini?"

"Ya kuoga, afande."

"Wewe natoka Kenya kuja kuoga Uganda? Huko hapana maji?"

Wenzake wakacheka. Sabuni akaitia mfukoni, miche yote, na karatasi moja ya kufungia iliyokuwa imechanika akanirudishia kwa adabu, kwa mikono miwili. Nilijikaza kisabuni, na sabuni yenyewe ndiyo hiyo imekwenda. Katika nchi ambayo akina mama walikuwa wakifulia majani ya mpapai, jitu lenye mshahara linamnyang'anya mwanamke sabuni!

Busia hadi Tororo

Petroli hakuna. Magari yalikuwa yameegeshwa kando ya barabara na majani yameota kuzunguka matairi. Nilikaa juu ya mfuko wangu tangu asubuhi hadi jua linapinduka, ndipo lori la mahindi likapita na dereva akakubali kutupakia juu ya magunia.

Kando yangu alikaa bibi mmoja mwenye kitambaa cha kichwa kilichofifia. Alinitazama viatu, akanitazama saa ya mkononi, akaanza kunisema kwa Kiswahili cha kule. "Nyinyi watu ya Kenya nakuja hapa kila siku. Nachukua kahawa, nachukua ng'ombe, naacha sisi na njaa. Magendo imejaza nyinyi tumbo." Alisema hivyo kutoka kizuizi cha kwanza cha wanajeshi mpaka cha pili, na watu wote wa juu ya magunia wakawa wananitazama vibaya. Nilishikwa na hasira nikamjibu kwa Kidhopadhola, lugha ya mama yangu, kwamba mimi ni mtoto wa Iyolwa, karibu na Tororo, na nimezaliwa kabla hawa askari hawajajifunza kuvaa viatu. Bibi aliziba mdomo. Halafu akafungua nguo yake, akatoa kiazi kitamu cha kuchoma, akakivunja, akanipa kipande kikubwa. Tulikula, na tangu hapo akawa ananishika mkono kila lori likiruka shimo.

Vizuizi vilikuwa vingi na kila kimoja tulishushwa. Wanaume walilazwa kifudifudi barabarani, wengine wazee wa umri wa baba yangu, na wanajeshi wa umri wa wateja wangu wa sare za shule wakawa wanawaruka kwa buti. Sina neno zuri la kuandika hapo.

Mwamba ukajitokeza mbele yetu, peke yake, umesimama katikati ya tambarare kama ulivyokuwa nilipokuwa msichana. Nililia kidogo. Bibi akadhani ni vumbi, akanipa ncha ya kitambaa chake.

Tororo, kwa Hajati Mariamu

Okoth alikuwa amepanga chumba uani kwa Hajati Mariamu, mama wa makamo wa mjini pale, ambaye babu yake alikuwa Mnubi na bibi yake wa Pwani. Mumewe, Mzee Swalehe, husafirisha mizigo kwa pikapu yake hadi Malaba, na Hajati huwauzia chapati madereva wanaopanga foleni mpakani. Alinipokea kwa kunikumbatia, akanivuta ndani upesi.

"Sema polepole mwanangu," akanong'ona. "Chumba cha Okoth kina mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa sajenti. Alihamia siku ile ile Okoth alipokimbia. Anakilalia kitanda chake, analivaa koti lake, na zile picha zilizokuwa zimekwisha kuchapwa, mawimbi yote ya miaka na miaka, alikuwa ameyatumia kuwashia moto wa chai. Hajati aliniambia hivyo huku akinishika bega nisiinuke. Nami nilitaka kuinuka. Nilitaka nikamwulize chai yake ilikuwa na utamu gani.

"Na mbao?" nikauliza.

Hajati alikuwa amezihamishia jikoni kabla sajenti hajaingia; akanionyesha kwa kidevu. Mtungi wa maji umefunikwa kwa ubao. Pipa la unga limefunikwa kwa ubao. Mbao tatu zilikuwa kwenye meza ya jikoni, zimepangwa, unga umeziganda juu. Zote zilikuwa zimelazwa upande uliochongwa chini, na migongo yake laini ikitazama juu. Sajenti alikuwa akija jikoni kila jioni kuomba maji, anainua wimbi, anachota, analirudisha, bila kugundua chochote.

Nikazigeuza moja moja. Hajati alikuwa amezipaka mafuta zisipasuke. Nilipofika ule wa mlima niliona umekaa kinyume, kushoto kumekuwa kulia, nikamwambia Hajati Okoth amekosea. Akanicheka. "Mimi pia nilimwambia hivyo. Akasema subiri nichape. Ukichapa unageuka."

Jioni tulikula wali mchache na kunde, sukari yangu ikaingia kwenye chai baada ya wao kukaa muda mrefu bila kuionja, na Mzee Swalehe akafunga macho alipokunywa. Mpango ulikuwa rahisi. Hajati muuza chapati anajulikana. Mimi nitakuwa mkwewe anayemsaidia. Mbao ni vibao vya kusukumia. Nani atamwuliza muuza chapati kwa nini ana vibao?

Tororo hadi Malaba

Aliyeuliza ni ofisa mmoja kwenye kizuizi cha mwisho, mahali ambapo foleni ya malori inaanza na unaweza kuona Kenya kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha sofa, sofa ya nyumbani kwa watu, imewekwa kando ya barabara chini ya turubai. Mwenyewe alikuwa msafi, amenyoa, ana fimbo.

"Hii mbao ya nini?"

"Ya kusukuma chapati, afande," akasema Hajati.

"Tano?"

"Madereva ni wengi, mwanangu. Wote wanataka kula mara moja."

Ofisa akafikiri. Nilimwona anafikiri, na nilijua hakuna jema litakalotoka humo. "Pika," akasema. "Sisi naona."

Basi Mzee Swalehe akateremsha sigiri, lile jiko la makaa, Hajati akakanda unga pale pale kando ya barabara, na mimi nikasukuma juu ya migongo ya mbao. Askari walitoka kila upande kama inzi. Chapati haikupoa. Walikula unga wote wa biashara ya siku ile, hakuna aliyesema asante, na mmoja akalalamika kwamba mafuta ni machache.

Bado kidogo tungepita. Lakini mmoja wao, mrefu mwembamba, hakuweza kungoja zamu. Alichukua donge mwenyewe, akavuta ubao uliokuwa chini ya nyingine, na kwa vile mgongo wake ulikuwa umelowa maji, akaugeuza. Alikuwa na njaa, hakutazama hata kidogo. Aligandamiza donge juu ya upande uliochongwa, akalisukuma kwa chupa ya soda, akalibandua, akalitupa kikaangoni kabla sijafika. Nilimpiga kofi mkononi kama ningempiga mtoto wangu, akacheka akadhani ni utani wa jikoni.

Chapati ikaiva. Sehemu zilizogusa chuma zikawa za kahawia, na palipobonyea pakabaki peupe. Yule askari akaitazama, akaitazama tena, akampelekea ofisa.

"Hii nini?" akauliza ofisa.

"Chapati, afande," nikasema.

"Mimi naona chapati. Hii juu ya chapati."

Alisimama kutoka kwenye sofa. Akanyoosha mkono, akaishika ile chapati mbele ya uso wake, akageuka polepole mpaka alipoutazama Mwamba wenyewe ukiwa kule nyuma yetu. Akaviweka sawa, chapati na mlima, amefumba jicho moja. Vilifanana. Mungu anisamehe, katikati ya hofu yote ile nilimwonea fahari mdogo wangu. Hata ile kushoto na kulia ilikuwa imekaa sawasawa, vile vile tunavyouona kutoka nyumbani.

"Hii ni Tororo," akasema ofisa. "Nani alipa nyinyi ruhusa ya kutoa mlima?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Siku zile redio yao ilikuwa ikisema kila jioni juu ya mipaka, ardhi ipi ni ya nani, na huyu mtu alikuwa ameyameza yote mazima.

"Afande," nikasema, "mlima ule pale. Haujasogea."

"Funga mdomo. Kenya nataka kuchukua mlima kidogo kidogo."

Hajati alinifinya pajani mpaka leo pana alama. Ofisa akageuza mbao nyingine kwa ncha ya fimbo, mmoja baada ya mwingine.

"Hii?"

"Maji," akasema Hajati.

"Hii pia?"

"Maji, mwanangu. Mawimbi ya bahari. Na hii ni anga. Na hii mitumbwi."

"Uganda hapana bahari," akasema ofisa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, kwa kuwa ameona haki imetendeka. "Basi maji chukua. Mitumbwi chukua. Mlima nabaki."

Nikamvulia saa yangu, ile niliyonunua kwa sare za mwaka mzima. Akaivaa. Akaitazama imekaaje mkononi. Ubao hakuurudisha. Aliuweka chini ya mto wa sofa, akaikunja ile chapati mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Ushahidi," akasema. Mafuta yakaanza kupenya kwenye kitambaa, yakatanda pale kifuani, naye hakujua.

Mnasema mbao tu. Yule alijua si mbao tu. Ndicho kinachoniuma zaidi: katika watu wote wa safari hii, aliyeuthamini ule mlima sawasawa alikuwa yeye, akauthamini ili auibe.

Malaba hadi nyumbani

Hajati alinisindikiza mpaka mwisho wa upande wao. Alinifungia mbao nne kwa kanga yake, akaniambia nimsalimu Okoth, nimwambie mtungi wa maji sasa utafunikwa kwa sufuria, kifuniko chake kimeondoka. Tulilia wote wawili, mimi kwa hasira, yeye sijui kwa nini hasa. Alirudi kwenye ile pikapu bila unga.

Upande wetu polisi aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia bahari. Akanipungia nipite, nadhani uso wangu ulimtisha.

Kwenye basi sikula. Nilikuwa nikitunga namna ya kumwambia. Mmoja kati ya tano si mwingi, nilitaka kusema. Kisha nikakumbuka nani ataziba pengo lile, na kwa mkono upi.

Okoth alinifungulia mlango mwenyewe. Alizipanga mbao sakafuni kwa mkono wa kushoto, akazipapasa kingo, akahesabu kwa macho.

"Mlima?"

Nikamweleza yote. Sofa, sigiri, njaa ya yule mwembamba, saa yangu, mto. Nilikuwa nikipaza sauti, majirani mlinisikia. Yeye akanisikiliza kwa utulivu ambao ulizidi kunichoma.

"Ile chapati," akauliza nilipomaliza. "Alama zilitoka vizuri?"

"Okoth!"

"Nauliza tu, dada. Zilitoka?"

"Zilitoka. Peupe kabisa. Afande aliipanga na mlima wenyewe, vikalingana."

Akaitikia kwa kichwa, kisha akaniomba nimkorogee rangi. Hakuwa ameomba kitu tangu afike. Nilikoroga rangi za dukani, buluu mbili, ya anga na ya mitumbwi, nikalowesha karatasi, nikamtengenezea kidude cha kusugulia kama alivyonielekeza, nyuzi za mgomba zilizozungushiwa jani kavu. Kuchonga ndiko kunakotaka vidole. Kusugua aliweza kwa kiganja cha kushoto, jasho likimtoka, mimi nikimshikilia karatasi kwenye zile alama mbili za pembeni ili ikae mahali pale pale kwa kila ubao. Anga kwanza. Mitumbwi. Buluu nyepesi. Buluu iliyokoza mwisho.

Akaifunua.

Wimbi lilikuwa limesimama juu ya mitumbwi, limejikunja, povu lake jeupe. Na nyuma yake, mahali ambapo anga ilikuwa imechongwa kuupisha Mwamba na maji yamechongwa kuupisha Mwamba, karatasi ilibaki tupu. Mwamba ulikuwa pale. Mweupe, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka, kila ukingo wake umekaa mahali pake, na jicho halikutaka kutazama kitu kingine. Sikujua nifanye nini na hasira yangu yote. Nikakaa chini sakafuni kando yake.

Okoth aliinamia picha. Kisha akauinua ule mkono wa kulia uliofungwa, akaulaza taratibu pembeni mwa picha.

"Ubao wakae nao," akasema. "Nipe karatasi nyingine."